Mkono wa Kushoto wa Sukani

Kabla hajapooza, Sukani alikuwa mtu wa maneno mengi. Aliongea akila, aliongea akinyoa ndevu, na akiwa chini ya gari aliongea na gari lenyewe. Jina hilo alipewa kazini. Alikuwa dereva wa idara ya mifugo, akiwapeleka madaktari wa ng'ombe kule ambako barabara inaishia na safari ndiyo kwanza inaanza, na ni hao madaktari waliosema kwamba huyu bwana hashiki sukani, yeye mwenyewe ndiye sukani. Likamganda. Hata mkewe, ambaye nyumbani alimwita baba tu, akimsema kwa majirani alisema Sukani.

Mkewe alikuwa fundi wa cherehani. Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa chake: meza ya kukatia vitambaa, cherehani ya miguu, pasi ya mkaa aliyokataa kuitupa, na kamba iliyotundikwa nguo za wateja zikisubiri vifungo au wenyewe. Mtaa mzima ulimwita Mama Mishono. Alikuwa mtu wa maneno machache, na watu walidhani hilo ndilo lililowaweka pamoja miaka yote ile, mmoja anamwaga, mwingine anakinga.

Sukani alipostaafu, gari alilokuwa akiliendesha lilikuwa limekwisha kustaafu kabla yake. Lilikuwa jipu la zamani, la kupanda milima na kuvuka mito, na idara ilikuwa imelitelekeza kwenye nyasi nyuma ya stoo ya dawa. Lilipopigwa mnada yeye ndiye aliyelichukua. Lilifika nyumbani likiburutwa kwa mnyororo, tairi moja halina upepo kabisa, boneti limefungwa kwa waya. Mama Mishono alitoka kibarazani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Baba, umestaafu ukarudi na kazi?"

"Sijarudi na kazi. Nimerudi na mwenzangu."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe ni bosi," alisema Sukani. "Ndiyo maana nimemleta kwako kuomba nafasi."

Milango ilikuwa imeliwa na kutu hadi ukiweka uso upande huu unamwona mtu wa upande ule. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kiti cha dereva. Watu wa mtaani hawakukawia kucheza na neno: walipopita getini walimuuliza Sukani kama jipu lake limeiva, kama linauma, kama atalikamua lini. Naye aliwajibu kutoka chini ya gari bila kujitokeza, unaona miguu tu, na ile miguu ilikuwa na majibu.

Alilifungua lote. Kila bolti aliyoitoa aliisafisha kwa mafuta ya taa akaiweka kwenye kopo, na kila kopo likakaa mahali pake, mpaka Mama Mishono akakosa kopo la kuwekea sukari. Aliikwangua chesi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, kwa brashi ya waya, akaipaka rangi ya kuzuia kutu. Alikata bati akaziba milango. Na kwa kuwa alipenda kueleza, na msikilizaji wake alikuwa mshonaji, alijifunza kueleza kwa maneno ya cherehani. Bati jipya juu ya la zamani aliliita kiraka. Waya za umeme zilikuwa nyuzi. Na kitu alichokiweka tu mahali pake ili akikaze baadaye alisema amekishikiza, kama fundi anavyolishikiza gauni kwa uzi mweupe wa muda kabla ya kulipitisha kwenye cherehani.

"Leo nimeshikiza milango," alisema akinawa mikono kwa sabuni na mchanga. "Kesho nashona."

"Kwako kila kitu ni kesho."

"Bosi, kesho ndiyo siku nzuri. Haijaharibika bado."

Injini aliiacha mwishoni kwa sababu aliipenda kuliko vyote. Aliifungua yote, akaiweka juu ya meza ya mbao aliyoipigilia mwenyewe, akabadilisha vilivyochakaa, akaanza kuirudisha pistoni moja moja. Chini ya injini, kila pistoni inashikwa na mkono wa chuma, na mkono huo unafungwa kwa nati ambazo hazikazwi kwa kubahatisha. Zinataka spana maalumu inayopima mkazo. Yake alikuwa amemwazima rafiki yake wa zamani, dereva mwenzake. Kwa hiyo siku ile alizizungusha zile nati kwa vidole mpaka zilipogoma, basi. Upepo ulikuwa unavuma na vumbi limejaa uani, naye hakutaka mchanga uingie. Akaifunika injini kwa chini na sampu, lile bakuli la chuma linalokaa mafuta, akalifunga kwa bolti chache. Akatandika nailoni juu. Akaenda bombani kunawa, aende akaifuate spana yake.

Mama Mishono alikuwa dirishani akipiga pasi. Alimwona akipaka sabuni. Alimwona sabuni ikimtoka mkononi, akainama kuiokota, ikamtoka tena. Akacheka peke yake, akisema moyoni, mzee leo kachoka. Kisha akamwona anaegemea bomba, na bomba halikuwa kitu cha kuegemewa.

*

Hospitali ilimrudisha akiwa hai. Upande wa kulia ulikuwa umelala, mkono na mguu, na mdomo umevutwa kidogo kama mtu anayetaka kucheka akajizuia. Daktari aliwaeleza mke na binti yao kwamba akili yake ipo. Anasikia, anaelewa mengi. Kilichokatika ni njia ya kutolea maneno.

"Yatarudi?" aliuliza binti. Alikuwa mwalimu, mtoto wao pekee, na alikuwa amesafiri tangu alfajiri.

"Kwa wengine yanarudi. Tusubiri."

Lililorudi lilikuwa neno moja. Siku ya tatu hospitalini alifungua mdomo, uso ukajikunja kwa juhudi, na wote wakamsogelea. Akasema, "Kesho." Binti alilia kwa furaha. Ukimuuliza kama ana kiu alisema kesho. Ukimuuliza anaumwa wapi alisema kesho. Alipotaka kukojoa alisema kesho, na alipokuwa amechelewa kusikilizwa alisema kesho kwa sauti ya chini akageuza uso. Kutikisa kichwa nako kulikuwa kumevurugika: mara nyingine alikubali akimaanisha kukataa, akajigundua, akakasirika. Walimpa kalamu kwenye mkono wa kushoto. Ilitoka mistari iliyosokotana. Aliitazama, akaitupa kalamu chini ya kitanda.

Nyumbani alikaa kibarazani kwenye kiti cha magurudumu, na mbele yake, hatua chache tu, likasimama jipu. Asubuhi analitazama, jioni analitazama. Mama Mishono alileta kazi yake ya mkono kibarazani ili asimwache peke yake. Alishona vifungo, akamfuta mate, akashona vifungo. Mtu aliyezoea kumwagiwa maneno sasa ilibidi ayatoe mwenyewe, na hakuwa nayo. Akamsimulia wateja. Fulani kanenepa. Fulani kaleta kitambaa kidogo anataka gauni refu. Sukani alimsikiliza, macho yapo uani.

Binti ndiye aliyelitoa wazo. "Mama, baba analiangalia lile gari kama chakula. Tulimalizie. Limebaki kidogo. Apate kitu cha kungojea."

"Nani atalimalizia?"

"Tumwite Bomba."

Bomba alikuwa na gereji yake kwenye njia panda, mwanamume mnene mwenye kicheko kikubwa, na alimheshimu Sukani kama mtu anavyomheshimu baba mkwe. Alikuja siku hiyo hiyo. Alizunguka gari, akafungua makopo, akapiga mluzi. Akafunua nailoni, akaiona injini.

"Mama, hii kazi imekwisha," alisema. "Mzee kafunga chini kote. Iliyobaki ni kuweka silinda hedi juu, kuipandisha garini, waya, rejeta. Mikono ya huyu mzee ni dhahabu."

Kibarazani Sukani alianza kupiga mkono wa kiti. "Kesho," alisema. "Kesho, kesho."

"Si kesho, mzee wangu!" Bomba alicheka, akaja kumshika bega. "Leo hii naanza."

*

Kwa muda, nyumba ilipata uhai. Bomba alikuja kila alipoweza, akabeba spana zake kwenye kiroba, akanywa chai, akapiga kelele. Mama Mishono alijipa kazi ya viti. Alitoa sponji iliyoliwa na panya, akapima, akakata ngozi bandia ya kahawia aliyokuwa ameihifadhi kwa miaka, akaishona kwa uzi wa kamba mpaka cherehani ikalalamika. Alipovitandika viti ndani ya gari alimgeukia mumewe akangoja. Sukani aliinua kidole gumba cha kushoto. Kilikuwa kidole tu, lakini yeye aliingia jikoni akasimama pale kidogo kabla ya kutoka tena.

Lakini Bomba alipoigusa injini, mzee alikuwa mtu mwingine. Alipiga kiti. Alisema neno lake kwa kila sauti, kwa kuomba, kwa kufoka. Na alikuwa na ishara moja aliyoirudia: aliinua mkono wa kushoto, akakutanisha kidole gumba na viwili vya mbele, akavizungusha hewani. Kidogo, polepole. Kisha akakunjua kiganja, akakitikisa: hapana, hapana.

Waliitazama ishara ile kwa makini, mama, binti na Bomba. Si kwamba walimpuuza.

"Anazungusha ufunguo," alisema Bomba. "Anataka tuwashe."

"Na hapo anapotikisa?" aliuliza Mama Mishono.

"Anasema tunachelewa."

Siku moja walimsogeza na kiti chake mpaka kwenye meza ya injini, waone atafanya nini. Sukani alinyoosha mkono akaligusa lile bakuli la chini. Akaligonga kwa vifundo vya vidole kama mtu anayebisha hodi. Akamtazama Bomba. Akaligonga tena. Akafanya ile ishara ya vidole.

"Naam, mzee," alisema Bomba kwa heshima. "Nimeona. Umefunga mwenyewe. Hata bolti zilizokuwa zimebaki nimeshazitia. Halivuji tone."

Sukani aliangusha mkono mapajani. Pale mezani, akiwa amezungukwa na watu waliompenda, alitoa sauti ambayo haikuwa hata lile neno lake. Mama Mishono akasema amechoka na jua, akamrudisha kivulini.

Injini ilipandishwa garini kwa mnyororo. Waya zikaunganishwa. Betri ikaletwa. Bomba akasema Jumamosi wanawasha, na binti, aliyekuwa amerudi kufundisha, akasema atakuja.

Ijumaa hiyo alasiri, Mama Mishono alikuwa kibarazani na gauni la mteja. Lilikuwa gauni la harusi ya mtoto wa mteja, kitambaa kinachoteleza, na alikuwa amelishikiza lote kwa uzi mweupe tayari kwa cherehani: mikono, kola, ubavu. Alikuwa amelala vibaya. Mzee hakuwa ametulia siku nyingi, hakula vizuri, na mkono wake wa kushoto hauishi kuzungusha vidole.

Ghafla ule mkono ulinyooka ukalikamata gauni. Alilivuta mapajani kwake. Akauma ncha ya uzi mweupe kwa meno, akavuta kwa vidole, na ule uzi ukatoka wote kwa mkupuo, kama unavyotoka uzi wa muda. Mkono wa gauni ukaachia. Aliunyanyua juu, umetengana na bega, akausogeza mbele ya uso wa mkewe.

"Kesho," alisema. Akaonyesha gari. Akautikisa ule mkono wa gauni. "Kesho. Kesho!"

Mama Mishono hakuwa mtu wa kufoka. Siku hiyo alifoka. "Na wewe sasa unaniharibia kazi! Nimekukosea nini? Nakulisha, nakuogesha, nakufutia, na kazi yangu pia unaichana?" Alimpokonya gauni. "Hebu nionee huruma, baba."

Sukani alimtazama. Machozi yakamtoka kwenye jicho la upande ule mzima na upande ule uliolala. Mkewe alidhani ni aibu, naye akaona aibu kwa kumwaibisha, akainuka kumletea maji. Alipomshikia kikombe, hakunywa.

*

Jumamosi ile majirani walijaa getini. Wale wale waliokuwa wakiuliza kama jipu limeiva walikuja kuliona likikamuliwa. Binti alimvalisha baba yake shati jeupe, akamsogeza mbele kabisa ya kibaraza. Jipu lilikuwa limepakwa rangi ya kijani kama ya zamani, na viti vya kahawia ndani yake viling'aa.

Sukani alikuwa akipiga kelele. Hakuna njia nyingine ya kulieleza. Alipiga kiti, akapiga ukuta, akakitupa kikombe cha bati kikagonga mlango wa gari kikaanguka mavumbini. Watu walicheka kwa upole, kama wanavyomchekea mtoto mwenye hamu.

"Mzee leo furaha imempanda kichwani," alisema Bomba, naye akaingia ndani, akafunga mlango, akazungusha ufunguo.

Stata ililalamika, ikalalamika, kisha injini ikakohoa ikashika. Moshi mweupe ulifunika ua. Watu walipiga makofi. Mama Mishono, asiyependa makelele, alijikuta amepiga kigelegele, akageuka kumtazama mumewe ili wafurahi pamoja.

Sukani alikuwa amejifunika uso kwa mkono wake mmoja.

Hapo ndipo Mama Mishono aliposikia. Kwanza kwa mbali, ndani ya ngurumo: ko, ko, ko. Kama mtu anabisha hodi. Bomba naye alisikia, akainamisha kichwa, akakanyaga mafuta kidogo aisikie vizuri. Ko-ko-ko-ko. Akanyoosha mkono kuzima, na kabla hajauzungusha ufunguo, kitu kilipasuka kwa kishindo, gari likaruka mahali pake, na kila kitu kikanyamaza. Mafuta meusi yakaanza kutambaa kutoka chini.

Watu wa getini wakaanza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga, kama wanaotoka msibani.

Bomba aliingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu, inasikika spana tu. Alipotoka shati lake lote lilikuwa mafuta, na kwenye kiganja alikuwa na nati mbili. Ubavuni mwa injini kulikuwa na tundu la kupitisha ngumi, ambapo mkono wa pistoni ulichomoka ukapiga ukuta ukatokea nje.

"Hizi hazikukazwa," alisema. Alikuwa akiongea na zile nati. "Ziliwekwa kwa vidole tu. Zote zilikuwa hivyo, mama. Alikuwa hajamaliza. Mimi nilijua mtu hafungi sampu kabla ya kukaza. Mzee kama huyu... sikufungua. Nilimheshimu, sikufungua kuangalia."

"Kwa vidole," alisema Mama Mishono.

Aligeuka. Mkono wa mumewe ulikuwa umeshuka kutoka usoni, umelala juu ya goti, vidole vitatu bado vimekutana.

"Ilikuwa imeshikizwa," alisema. Binti hakuelewa, Bomba hakuelewa. Yeye alikaa chini pale pale kwenye ngazi ya kibaraza, gauni lake zuri kwenye vumbi. "Aliniambia. Jana aliniambia kabisa. Alinionyesha kwa uzi wangu mwenyewe."

*

Alimwomba msamaha. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamwambia: uliniambia nami nikakupokonya, nisamehe. Sukani hakumtazama. Hata neno lake lile hakulisema. Siku zilizofuata hakupokea chakula kwenye mkono wa mkewe. Binti akimlisha anakula, na binti akaomba ruhusa shuleni, akakaa. Mama Mishono alipika, akampa binti sahani, akajificha jikoni akisikiliza kijiko.

Ruhusa ilipokwisha binti akaondoka, na njaa ikafanya kazi ambayo msamaha ulishindwa. Alifungua mdomo. Mkewe akamlisha, akiogopa hata kukohoa.

Baada ya hapo akajaribu kujifunza. Alichukua vitambaa viwili, chekundu na cheupe, akavishona kwenye mkono wa kushoto wa kiti, kimoja mbele na kingine nyuma. Cheupe ndiyo, chekundu hapana. Kuna siku vitambaa vilifanya kazi, akajua mzee anataka dirisha lifungwe au anataka uji badala ya chai, na siku hizo alikuwa na furaha ya kijinga, anamsimulia kila mteja. Kuna siku mkono ulipapasa vyote viwili, ukatua katikati.

Bomba alirudi na lori la rafiki yake. Nyuma kulikuwa na injini nyingine, iliyotoka kwenye gari la aina nyingine, kubwa zaidi, lakini alisema ataiingiza, atakata hapa, ataunga pale. Hakutaka kulipwa. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni kwa sababu hakucheka.

"Muulize, mama," alisema. "Safari hii tusifanye kitu bila yeye."

Walimsogeza. Mama Mishono aliuliza polepole. Unataka tuiweke injini hii? Mkono ukaenda kwenye chekundu. Hutaki injini hii, unataka tutafute ya aina yake? Chekundu. Unataka gari likae hivi lilivyo? Chekundu. Unataka liondoke, liuzwe? Mkono ulikuwa tayari kwenye chekundu, haukutoka. Alimuuliza kama amechoka. Chekundu.

"Sasa nimwelewe vipi?" alisema. "Bomba, nimwelewe vipi mimi?"

Bomba aliondoka na injini yake kwenye lori.

Jipu likabaki. Mvua zikaja, na maji yakaingia kwenye lile tundu. Viti vya kahawia vikaota ukungu, akavifuta, vikaota tena. Sukani aliendelea kukaa mbele ya gari, na mkewe hakujua kama analiangalia kwa mapenzi au kama ni kwa sababu kiti kimeelekezwa huko. Alijaribu kukigeuza kuelekea barabarani. Mzee alitazama barabara kwa uso ule ule. Akakigeuza tena uani. Uso ule ule. Kuna siku alikigeuza mara nyingi mpaka akaona anamtesa.

Mwishowe aliamua peke yake. Alimwambia Bomba aje alichukue, alipeleke gereji, afanye nalo anachoona kinafaa, likizaa gari sawa, likizaa vipuri sawa. Alimwambia mumewe asubuhi akimvalisha. "Leo Bomba anakuja kulichukua. Nimeshindwa kuliona linaoza, baba. Kama nimekosea, nimekosea." Hakuuliza, kwa hiyo vitambaa havikuguswa.

Lori lilikuja, mnyororo ukafungwa. Bomba aliketi kwenye kiti cha dereva ili aongoze magurudumu wakati wa kuvutwa. Jipu lilitembea kwa kusitasita, likaacha mahali pake pakiwa peusi kwa mafuta, likafika getini, na hapo likakwama. Tangu lilipoingia, nguzo moja ya geti ilikuwa imejengwa upya kwa matofali, nene kuliko ya kwanza. Dereva wa lori alivuta, bati likalia. Bomba alizungusha usukani kulia, likazidi kuisogelea nguzo. Akazungusha kushoto, nyuma ikagonga.

Kibarazani mkono wa Sukani uliinuka.

Mama Mishono alikuwa ameshika mpini wa kiti, akauona ukipita karibu na uso wake. Kiganja kilikuwa wazi. Kilisukuma hewa: rudi. Kikasukuma tena. Kisha kikapinda kushoto, kidogo tu.

"Bomba!" alipiga kelele. "Bomba, mtazame mzee! Usifanye kitu, mtazame!"

Bomba alitoa kichwa dirishani. Alimfokea dereva wa lori asimame, watu wakalisukuma gari nyuma. Kiganja kikapinda kulia. Bomba akafuata. Kikasimama wima: basi. Bomba akasimama. Vidole vikaita taratibu, njoo, njoo, njoo, na lori likavuta, na jipu likapita katikati ya nguzo mbili kukiwa na nafasi ya unene wa kitabu kila upande. Halikugusa.

Nje, kwenye barabara, Bomba alishuka. Alisimama akimtazama mzee kupitia geti. Akafuta uso kwa kiwiko, akapanda tena.

Lori liliondoka. Walisikia mnyororo ukilia mpaka kwenye kona, kisha pikipiki za njia panda zikameza sauti. Mkono wa Sukani bado ulikuwa juu, kiganja kimetazama geti lililo wazi. Mkewe aliusubiri ushuke. Ulipokawia, aliushika kwa upole, akahisi misuli inavyotetemeka, na hakujua kama anausaidia kupumzika au anaukatisha kitu. Aliushusha hata hivyo.

Akaenda kufunga geti. Kisha akaja akamrudisha ndani, maana jua lilikuwa limefika kibarazani, na chumbani kulikuwa na mteja aliyekuwa akisubiri kupimwa.